Mwanamke Aliyemchelewesha Bwana

Siku Ndalahwa alipoamua kwenda mbinguni, alianza kwa kurudisha ng'ombe wa watu.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa sabini na nne. Mvua ya msimu uliopita ilinyunyiza tu na kwenda zake, na mbuga ya Usangu, kuanzia nyuma ya Igawa hadi macho yanapokoma, ilikuwa kama ngozi iliyowambwa juani. Mzee Ndalahwa alifungua zizi lake asubuhi, akaswaga ng'ombe kumi na watano hadi nyumbani kwa mkwewe, Maganga. Binti yake Roza alikuwa uani akipepeta mchele, mwanawe mdogo Selestini mgongoni. Alipomwona baba yake nyuma ya kundi, alidhani mzee anahama kufuata malisho.

"Nimekuja kukufungua, mwanangu," Ndalahwa akasema.

"Kunifungua na nini, baba?"

"Na ndoa."

Roza aliweka ungo chini. Alijua neno hilo lilikotoka. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu Sedekia ashuke kwenye lori pale Igawa, cherehani begani na Maandiko kwapani. Alikuwa fundi nguo wa Mlandege, Iringa, aliyegombana na kanisa lake kwa sababu ya hesabu za siku ya mwisho. Hesabu zenyewe alizifanya kwa futi yake ya fundi. Aliitundika kwenye nguzo ya banda la ibada, akawaonyesha watu: huku ndiko walikosimama manabii wa kale, hapa ndipo Bwana alipozaliwa, na hapa, karibu kabisa na kibati cha mwisho wa futi, ndipo sisi tulipo. Watu walisogea mmoja mmoja kuona nafasi iliyobaki. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha.

Na dalili hawakuhitaji kutafutiwa. Reli mpya ilikuwa imepita milimani, na juu yake lilitembea dude la chuma lililotoa moshi na mlio. Amri ilikuwa imekuja kwamba watu wote wahame kwenye maboma yao wakakae katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Ng'ombe walikufa wamesimama. Sedekia alipouliza, "Mnataka dalili gani tena?" watu walitikisa vichwa, Roza akiwa mmoja wao. Aliamini. Isije ikasemwa baadaye kwamba yeye alikuwa mwerevu kuliko wenzake. Aliamini kwa tumbo lote, na kanzu yake ya kupaa, ya kitambaa cha amerikani, aliyoshonewa na Sedekia mwenyewe, aliifua mara mbili kabla hata hajaivaa.

Jambo la ndoa lilianza kwa maneno machache tu. Sedekia alihubiri kwamba kule juu hakuna mume wala mke, kila roho itakwenda peke yake, na atakayeng'ang'ania mtu Siku ile atabaki chini pamoja na huyo aliyemshika. Baadaye aliapa kwamba hakumaanisha zaidi ya hapo. Lakini waliokaa mbele yake walikuwa watu waliotoka kaskazini na mifugo yao, na kwao ndoa si maneno ya kutamkwa. Ndoa ni ng'ombe, wamesimama katika zizi la baba wa binti, wanaonekana, wanacheua. Mzee mmoja akainuka na kuuliza: mwanamke atasimamaje mbele za Bwana bila mume, na ng'ombe wa mahari yake bado wako kwa baba yake? Sedekia hakujua hata kukamua. Akajibu kwamba kila mtu aifungue kamba yake kwa namna anayoijua. Basi wakaenda wakajifungua kwa namna waliyoijua.

"Watano wamebaki kwangu," Ndalahwa alimweleza Maganga mbele ya mashahidi wanne aliokuja nao. "Hao ni wa watoto."

Mashahidi waliitikia kwa vichwa. Ndiyo desturi: mke akirudi kwao, ng'ombe wanaobaki kwa baba yake ndio wanaowafanya watoto kuwa wa ukoo wa mume. Ngolo, binti wa miaka sita, na Selestini aliyekuwa bado ananyonya, walikuwa wa Maganga.

Roza hakuweza kujizuia. "Baba, si umesema dunia inaisha mwezi ujao? Sasa watoto unawagawa wa nini?"

"Sheria ni sheria hata ikibakiza siku moja. Sitaki kufika kule niambiwe nimerudisha kwa mkono mmoja na kuiba kwa mwingine."

Maganga alikuwa mtu mpole, mpole hadi kukera. Aliwatazama ng'ombe wakiingia zizini mwake, akamtazama mkewe, akajikuna shingo.

"Ni wiki sita tu, Roza," akasema. "Tutaonana juu."

Roza akarudi kwa baba yake jioni hiyohiyo. Wengine kumi na moja nao walirudi kwao juma lile, na njia za mbugani zikajaa wanawake wenye vikapu kichwani, wakipishana na ng'ombe.

Pale Igawa, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, kulikuwa na hoteli ya chai ya Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa mwenye kicheko cha lori linalopanda mlima. Roza alimpelekea maziwa kila asubuhi.

"Gwe Roza, nasikia mnaondoka," Tusajigwe akasema siku moja, akimimina maziwa kwenye sufuria. "Basi niachie hiyo ndoo. Huko hamkamui."

"Cheka tu. Utalia."

"Nimeshalia sana, mama. Zamu yangu imekwisha. Na mume wako umemwacha kweli?"

"Sijamwacha. Nimefunguliwa."

"Mimi wangu alijifungua mwenyewe, yuko Kitwe na mwanamke mwingine." Akacheka, halafu akaacha. "Na wasipokuja kuwachukua?"

Roza alishangaa, maana swali hilo hakuwa amelisikia likiulizwa na mtu yeyote, hata na yeye mwenyewe. Alichukua ndoo yake akaondoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Walifunga chakula tangu Ijumaa na maji tangu Jumamosi jua lilipozama, watoto pia, maana Sedekia alisema Bwana hatapokea tumbo lenye kitu cha dunia. Kabla hakujapambazuka walikuwa juu ya mwinuko unaoitazama barabara. Wanaume mstari wao, wanawake mstari wao, na katikati, chini, wakakalishwa watoto wote waliokwisha kuacha ziwa, peke yao, mtu yeyote asiwashike. Saa aliyoitaja Sedekia ni saa tisa alasiri, saa ile aliyokata roho Bwana.

Mwezi wa kumi Usangu hakuna kivuli. Hadi saa sita nyimbo zilikuwa zimekauka makooni. Saa saba mwanamke mmoja alianza kutapika kitu ambacho hakikuwepo. Roza alisimama na Selestini mgongoni, macho kwa Ngolo. Mtoto alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama alivyoagizwa. Alikuwa mtoto wa kuagizika. Saa nane na nusu akaanza kuyumba. Kisha akalala ubavu, taratibu, kama mtu anayejilaza kitandani, na mguu wake ukachezacheza.

Mstari wa wanawake haukusogea. Maganga alikuwa ng'ambo, uso juu, macho ameyafumba. Roza alimwita mara mbili. Midomo yake ilikuwa inaomba.

Hakufikiri. Baadaye walimwuliza mara nyingi alifikiri nini, na jibu lake lilikuwa hilohilo. Alitoka mstarini, akamnyanyua mtoto, akateremka mwinuko mbio na watoto wawili mwilini, hadi barabarani, hadi hotelini kwa Tusajigwe. Ulimi wa Ngolo ulikuwa umeshika kaakaa la juu. Tusajigwe hakucheka siku hiyo. Alimtia maji mdomoni kwa kijiko, tone kwa tone, akimwambia Roza, "Taratibu, taratibu, ukimjaza utamuua." Ilichukua muda. Mtoto alipofumbua macho na kulia bila machozi, saa ya ukutani ilikuwa imeipita tisa kwa dakika ishirini.

Roza alirudi. Hilo nalo watu walilisahau baadaye, kwamba alirudi. Alipanda mwinuko na Ngolo mikononi, akitegemea kukuta kanzu tupu zimelala majanini na wenye kanzu wamekwenda. Aliwakuta wote. Wamesimama, wamegeuka, wanamtazama yeye.

Sedekia alikuwa mweupe kwa vumbi. Aliitazama barabara, akaitazama mbingu, akamtazama Roza. Alikuwa anatafuta kitu cha kusema, na kila mtu aliona kwamba anatafuta.

"Alikuwa mlangoni," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuwa amekwisha kuweka mkono kwenye mlango."

Watu waliokuwa wamesimama bila maji, waliokwisha kugawa kuku wao na kurudisha wake zao, wakamaliza maneno hayo wenyewe.

Jioni ile Roza alielekea kwa Maganga bila kuwaza, miguu ikifuata njia iliyoizoea. Mlangoni alimkuta Verediana, mama yake Maganga, amesimama na mikono kiunoni.

"Mtoto mkubwa niachie," Verediana akasema. "Huyo wa mgongoni, akiacha ziwa, nitamfuata."

"Mama, mimi ni mke wa humu."

"Ulikuwa. Ng'ombe si hao hapo zizini?"

Maganga alikuwa ndani. Alikohoa mara moja, na hicho ndicho alichochangia.

Mengine yalikwenda haraka. Roza alipeleka shauri lake barazani, wazee wakawauliza mashahidi wanne, mashahidi wanne wakasema kweli tupu: ng'ombe walirudi, ng'ombe wa watoto walibaki. Hakukuwa na la kuamua. Katika mwezi wa kumi na mbili, Maganga alichukua ng'ombe walewale kumi na watano akamwoa Helena, binti wa watu wa upande wa Chimala ambao hawakuwahi kumsikia Sedekia. Wale watano wa Ndalahwa walikufa kwa ukame, mmoja baada ya mwingine, na mzee aliwazika badala ya kuwachuna. Alisema hawezi kula watoto wa mwanawe. Tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa tu.

Ngolo, Roza hakumwona kwa karibu kwa miezi mitano. Alimwona mbali, nyuma ya bibi yake, ndoo kichwani. Akimwita, Verediana humshika mtoto mkono na kubadili njia. Selestini alikuwa amefika miaka miwili na miezi kadhaa, meno mdomo mzima, na Roza bado alimnyonyesha. Maziwa yalikuwa machache na mtoto aliuma. Alimwacha aume. Kila mwisho wa mwezi Verediana alipita, akasimama uani, akauliza, "Bado?" Roza akajibu, "Bado."

Mwezi wa tatu, mwaka uliofuata, Ndalahwa alitoka kwenye ibada akaja kukaa karibu na binti yake jikoni. Wafuasi wa Sedekia walikuwa wamepungua, lakini waliobaki walikuwa wale wasioweza kuondoka, maana wangeondoka na nini?

"Fundi amepima upya," mzee akasema. "Siku mpya ipo. Ila hawezi kuitaja kabla kosa halijaondolewa."

"Kosa langu."

"Uombe msamaha mbele ya watu. Maneno mawili, mwanangu. Nimeongea na Maganga na mama yake. Ukiomba, watoto watakuachia, wote wawili. Wamekubali mbele yangu."

Roza aliacha kukoroga uji. "Wote wawili? Hata Ngolo?"

"Hata Ngolo. Yule mke mpya hataki kulea."

"Nitaomba," Roza akasema. "Wakitaka niseme mimi ndiye niliyempigilia misumari, nitasema. Niulizie tu ni saa ngapi."

Na alimaanisha. Wiki nzima aliyafanyia mazoezi maneno hayo akienda kisimani. Hayakuwa mazito. Alimwomba Tusajigwe kipande cha sabuni, akaifua tena kanzu ile.

"Utawaombaje msamaha kwa kumpa mtoto maji?" Tusajigwe akamwuliza. "Basi na mimi si nije niombe? Kijiko kilikuwa changu."

"Ni maneno tu, Tusa."

"Mm. Ni maneno tu." Akampa sabuni nzima.

Jumapili hiyo banda la nyasi lilijaa. Hata walioacha zamani walikuja, wengine kwa imani, wengine kwa udaku. Joto lilikuwa la kushika pumzi. Sedekia alisimama mbele, futi yake shingoni, amekonda. Hakuwa mtu mbaya na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alimkaribisha Roza kwa upole, akamwonyesha pa kusimama, akamwambia taratibu, kama anayempima bega:

"Useme hivi, dada. Mimi Roza binti Ndalahwa nilikosea kutoka mstarini na kumpa mtoto maji, na kwa kosa hilo nilimrudisha Bwana. Kisha useme, nisameheni. Tumemaliza."

Watoto walikaa mstari wa mbele. Ngolo alikuwa wa tatu. Roza alikuwa amejiambia asimtazame hadi amalize, akamtazama. Alikuwa amerefuka na kupungua kwa wakati mmoja. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na pembeni damu ilikuwa imeganda.

"Mimi Roza binti Ndalahwa," Roza akaanza, "nilikosea..."

Mama mmoja alikuwa anapitisha maji kwa watoto, kikombe cha bati, kwa sababu ya joto. Mtoto wa kwanza akanywa. Wa pili akanywa, akafuta mdomo. Ngolo alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakishika kwa adabu, akakipeleka kwa mwenzake bila kukigusa kwa mdomo.

Roza alimgeukia mtoto.

"Ngolo," akasema. "Kunywa kwanza."

Mtoto aliinua macho kumtafuta bibi yake, kisha akatazama chini. "Sina kiu, mayu," akamjibu mama yake.

"Midomo imepasuka. Mrudishieni kikombe anywe."

Wakamrudishia. Akakishika tu.

"Nakunywa jioni," Ngolo akasema. "Jua likizama. Mchana nikinywa, Bwana anageuka. Bibi amesema watu wote waliokufa mwaka huu ni kwa sababu mimi nilikunywa." Alilisema kama mtoto anayejibu somo analolijua vizuri.

Mwanamke mmoja nyuma akanong'ona, kwa kuridhika kabisa, "Mtoto ameelewa."

Roza alimgeukia Maganga, aliyekaa na Helena upande wa nguzo. "Ulikuwa unajua?"

Maganga alijikuna shingo. "Mama ndiye anayemlea," akasema.

"Dada Roza," Sedekia akasema haraka, na jasho lilikuwa linamtiririka, "hayo ya mtoto tutayarekebisha. Mimi sikufundisha hivyo. Malizia kwanza."

"Na ya ng'ombe pia hukufundisha," Roza akamjibu. "Wewe hufundishi kitu. Wewe unasema, halafu unatazama."

"Mwanangu." Ndalahwa alikuwa ameinuka kwa shida, ameegemea fimbo. "Mwanangu, malizia. Ni maneno mawili. Utakwenda naye nyumbani, utamnywesha huko. Nakuomba."

Na hapo, kwa muda wa pumzi mbili tatu, Roza alitaka. Alimwona Ngolo kwao, kwenye kiti cha jikoni, na mtungi. Lakini alimwona pia akisikiliza. Mtoto alikuwa ameinua uso, anamtazama mama yake kwa makini, kikombe kimejaa mikononi, akingoja kuambiwa na mtu pekee aliyemnyanyua siku ile kama ni kweli. Akisema alikosea, itakuwa kweli. Atamnywesha kwa mkono miaka yote, na itabaki kweli.

"Ngolo, nisikilize mimi," akasema. "Ulikuwa unakufa. Nilikupeleka ukapewa maji. Hakuna aliyegeuka kwa sababu yako."

Ngolo alimtazama mama yake, akamtazama bibi yake. Hakunywa. Aliinama taratibu, akakiweka kikombe chini kati ya miguu yake, akakisogeza mbali kidogo.

Verediana alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya Roza. Alianza kufungua fundo la kanga lililomshika Selestini mgongoni. "Huyu ana meno yote," alisema kwa sauti ya kawaida, kwa mashahidi. "Mnaona wenyewe. Ameacha zamani." Mtoto akaanza kulia. Roza aliishika kanga kwa mkono mmoja, na wanawake wawili wakaja wakamfungua vidole, kimoja kimoja, bila kumwumiza.

"Omba," Sedekia akasema. Sasa alikuwa kama anajiombea mwenyewe. "Bado una nafasi, dada. Omba msamaha uchukue watoto wako."

Roza alisimama, mgongo mtupu, jasho la mtoto bado bichi kwenye kanzu.

"Alianguka, nikampa maji," akasema. "Akianguka hapa sasa hivi nitampa tena, huyo mnayemngoja akitaka na arudi alikotoka. Kuomba msamaha, siombi. Si kwenu, si kwake. Siombi."